Kupika kwa chungu cha umeme bila kupandisha sukari: mwongozo kwa jiko la Mombasa

Chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile chenye bakuli zito la udongo ndani na kifuniko cha kioo juu, huharibiwa sifa na jambo moja. Mpishi hutia vyote kwa pamoja, nyama, viazi na mchele, akakiwasha na kwenda zake kazini. Jioni chakula kimeiva na kinanukia, lakini mwenye kisukari akijipima masaa mawili baada ya kula hukuta namba imeruka. Chungu hakina kosa. Kosa ni la wanga uliokaa majini masaa manane.

Punje ya wanga ikipata maji na moto hufura. Ukiendelea kuipika hupasuka, hugeuka uji, na tumbo halina kazi tena ya kuivunja. Sukari hukimbilia damuni. Nyama haina wanga. Mbaazi, maharagwe na dengu wanao, ila umefungwa ndani ya kuta ngumu za mbegu pamoja na nyuzinyuzi, na hata zikilainika kuta hizo huendelea kuuzuia. Kwa hivyo mpango ni huu: ndani ya chungu nyama, mikunde na mboga; wali, ugali, muhogo na viazi vipikwe pembeni, muda mfupi, na vipakuliwe kwa kipimo.

Kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari (glycemic index) kilianzishwa Toronto, Kanada, na David Jenkins na wenzake mwaka 1981. Glukosi tupu hupewa 100. Chakula cha 55 kushuka chini huingiza sukari taratibu, cha 70 kupanda juu huiingiza haraka. Mikunde mingi huangukia kati ya 20 na 45. Wali mweupe wa kawaida huwa karibu 73 na viazi mbatata vya kuchemsha karibu 78, ingawa aina ya mchele na namna ya kuupika huzisogeza namba hizo. Usizichukue kama sheria. Sahani ya mbaazi iliyojaa pomoni itapandisha sukari kuliko upawa mmoja wa wali.

Chungu chenyewe

Kwa familia ya watu sita nunua cha lita 5 au 6. Kijaze kati ya nusu na robo tatu. Kikiwa na kidogo sana chakula huungua pembeni, kikijaa hadi mdomoni huchelewa kupata joto na nyama hukaa vuguvugu muda usio salama.

Moto mdogo na moto mkubwa hufika karibu joto lile lile mwishoni, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika. Mapishi ya masaa 8 kwa moto mdogo huchukua kama 4 kwa moto mkubwa. Kitufe cha tatu, cha kuweka joto, si cha kupikia. Ni cha kukihifadhi chakula kilichokwisha kuiva, na kisizidi masaa manne.

Chungu kipya, au cha mtumba, kijaribu kwanza kwa maji matupu. Jaza nusu, washa moto mdogo masaa 8, kisha funua na upime mara moja kwa kipimajoto cha jikoni. Yakiwa kati ya digrii 85 na 93, chungu ni kizima. Yakiwa chini ya 85, usikipikie nyama wala maharagwe.

Kwa umeme usiogope. Vyungu vingi vya ukubwa huu hula wati 200 hadi 300. Cha wati 200 kikiwaka masaa 8 hakivuki uniti 1.6 za tokeni.

Stima kukatika ndio tatizo letu. Chungu chenye swichi ya kuzungusha kwa mkono hurudi kuwaka stima inaporudi. Cha vitufe vya kidijitali mara nyingi hubaki kimezima, na ukirudi jioni unakuta chakula baridi hujui tangu saa ngapi. Ikiwa mtaa wenu stima haitulii, nunua cha kuzungusha, na uchomeke saa ya umeme kwenye ekstensheni hiyo hiyo: ukirudi ukaikuta inamwekamweka au imerudi sifuri, stima ilikatika. Chakula ambacho hakijaiva na hukujua kimekaa muda gani bila moto, mwaga. Kilichokwisha kuiva kabisa kina masaa mawili, na kwa joto la Januari na Februari hapa pwani kihesabie saa moja.

Kabla hujawasha

Maji. Kisima cha chumvi cha kisiwani hakifai kupikia mikunde. Madini yaliyomo huyakaza maganda, mbaazi zikapikwa kutwa na zikabaki kama changarawe. Tumia maji matamu, hata kama ni ya mtungi wa kununua. Kwa chungu kimoja hayazidi lita nne pamoja na ya kuloweka.

Maharagwe mekundu yana sumu ya asili, nayo haifi kwa moto wa polepole. Yakipata joto la nusu nusu, kama digrii 80, yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Mtu hutapika ndani ya masaa machache. Yaloweke angalau masaa 5, mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha kwenye jiko la gesi kwa nguvu dakika 10 mpaka 30 kabla hayajaingia chunguni. Hatua hii hairukwi hata siku moja. Kwa mikunde mingine sumu si kubwa hivyo, lakini dakika 10 za mchemko huifanya iive sawasawa.

Chachu hukaza maganda vilevile. Nyanya, ndimu na ukwaju viingie saa ya mwisho, mbegu zikishalainika. Magadi hulainisha, ndiyo, lakini huzivuruga mbegu kuwa uji, na uji ndio tunaoukimbia.

Vitunguu, thomu, tangawizi na bizari zikaange kwanza kwenye kikaango kwa mafuta kidogo. Chungu cha polepole hakikaangi. Thomu mbichi iliyopikwa humo masaa manane hutoka na harufu ya kuchemshwa, na bizari hubaki na ladha ya unga. Dakika sita za kikaango huokoa mchuzi mzima.

Mwisho, mvuke hautoki. Maji uliyozoea kutia kwenye sufuria yapunguze kwa theluthi moja.

Mbaazi za nazi, watu sita

Hili ndilo pishi la kuanzia. Unahitaji:

- mbaazi kavu gramu 400, zilizochambuliwa (za soko la Kongowea mara nyingi huja na vijiwe)
- nazi 2 zilizokunwa
- vitunguu maji 2 vya kiasi
- thomu chembe 4
- manjano nusu kijiko cha chai
- pilipili mbuzi 1 nzima, isiyopasuka
- chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai

1. Saa mbili usiku loweka mbaazi kwa maji matamu lita moja na nusu.

2. Asubuhi mwaga maji, tia mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10, chuja.

3. Kamua nazi. Tui la kwanza, zito, litokane na kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu. Liweke kwenye friji. Kisha tia vikombe vitatu vya maji kwenye machicha yale yale ukamue tui la pili.

4. Kaanga vitunguu na thomu mpaka vilainike, tia manjano, geuza nusu dakika.

5. Weka mbaazi, vitunguu, pilipili na tui la pili lililopashwa moto. Maji yapite mbaazi kwa kama unene wa kidole gumba kilicholazwa. Funika. Moto mdogo masaa 8, au mkubwa 4 na nusu.

6. Bonyeza mbaazi moja kwa ulimi kwenye kaakaa. Ikisagika bila kiini kigumu, tia chumvi na tui zito. Acha kifuniko wazi kidogo, moto mkubwa, dakika 20 hadi 30, ukikoroga mara mbili tatu.

Tui zito likitiwa asubuhi hukatika: mafuta huelea juu, maji hubaki chini, na mabonge meupe kati. Halina madhara, ila sura haipendezi na mchuzi haushiki. Likishakatika, ponda upawa mmoja wa mbaazi, rudisha ndani, koroga, hurudi kiasi.

Ukitaka rojo zito, fanya hivyo hivyo. Usitie unga wa ngano wala wa mahindi; ni wanga uliosagwa laini, wa haraka kabisa.

Sasa la mahamri. Mbaazi zenyewe tayari ni wanga wa kutosha kwa mlo mmoja. Mahamri ni unga mweupe, sukari na mafuta. Anayechunga sukari ale moja dogo, au aliache achukue kipande cha mkate wa mofa wa mtama. Watoto wale wanavyokula. Sufuria ni moja, sahani ni mbalimbali, na hiyo ndiyo namna pekee mlo wa aina hii hudumu nyumbani bila ugomvi.

Kuku wa kienyeji na dengu kwa ukwaju

Kuku wa kienyeji ndiye hasa aliyeumbiwa chungu hiki. Broila usimjaribu kwa masaa 8. Nyama humwagika mifupani ikawa nyuzi kavu. Ukiwa na broila tu, mtie mapaja peke yake, moto mdogo masaa 4.

Kwa watu sita: kuku mmoja wa kilo moja na nusu hadi 1.8, vipande vinane, ngozi itolewe. Dengu nzima (zile za duara zenye ncha) gramu 250, zilizolowekwa usiku kucha na kuchemshwa dakika 20. Vitunguu 3, thomu chembe 6, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, bizari nzima kijiko cha chai, mdalasini kijiti, iliki 4, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Nyanya 4. Ukwaju gramu 50. Bamia gramu 200 ukipenda.

Kaanga kuku kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta mpaka ashike rangi, weka kando. Kwenye mafuta hayo hayo kaanga vitunguu hadi vianze kuwa hudhurungi, tia thomu, tangawizi na viungo, geuza dakika mbili, mimina nusu kikombe cha maji ukwangue kikaango. Dengu zitangulie chini ya chungu, kwa sababu chini na pembeni ndiko kwenye moto. Kuku juu, kisha kikaango chote, kisha kikombe kimoja cha maji moto na kijiko cha chai cha chumvi. Moto mdogo masaa 7 hadi 8.

Wakati huo loweka ukwaju kwa nusu kikombe cha maji moto, uuminye, uchuje kokwa. Kaanga nyanya peke yake mpaka mafuta yajitenge. Saa moja kabla ya kupakua, angalia dengu. Ikiwa imelainika, tia nyanya na ukwaju, pandisha moto uwe mkubwa. Bamia, nzima bila kukatwa, ziingie dakika 40 za mwisho. Ukizikata mchuzi utavuta utelezi. Dania ya kukatakata juu, tayari.

Chachu ya ukwaju ina faida ya pili: vyakula vyenye chachu hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga, sukari nayo huingia polepole kidogo. Ni msaada mdogo. Hauruhusu sahani ya pili ya wali.

Pweza

Pishi fupi. Pweza wa kilo moja na nusu, kichwa kimesafishwa, mdomo na wino vimetolewa. Asitiwe maji wala chumvi. Hutoa maji yake mwenyewe na hunywea karibu nusu. Moto mdogo masaa 5 hadi 6. Choma kisu penye unene wa mkono, pale unapoungana na kichwa: kikipita bila kung'ang'ania, ameiva. Akiwa bado kama mpira, mwongeze saa moja. Mtoe, mkate, mrudishe na vikombe viwili tu vya maji aliyotoa (mengine ni supu), kitunguu na thomu vilivyokaangwa, na tui zito kikombe kimoja, dakika 20. Kamulia ndimu mezani. Pembeni kachumbari nyingi na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, si sinia.

Samaki wengine, changu, tafi au nguru, hawahitaji chungu hiki. Ukilazimika, pika mchuzi kwanza, samaki aingie nusu saa ya mwisho kwa moto mkubwa.

Na bokoboko je?

Watu huuliza, maana bokoboko, ngano iliyopondwa pamoja na nyama, hukaa motoni muda mrefu sana. Ngano katika punje nzima iko upande wa chini wa kipimo. Ikishapondwa kwa mwiko ikavutika kama gundi, si ile tena. Njia ya katikati ipo: ngano gramu 250 tu kwa nyama kilo moja ya mbuzi isiyo na mafuta, maji lita moja na nusu, mdalasini na kitunguu, moto mdogo masaa 8. Kisha chambua nyama, koroga kwa mwiko kiasi nyama na ngano zishikane, na uache punje zionekane. Samli kijiko kikubwa kimoja kwa chungu kizima. Aliyezoea bokoboko la harusini atalalamika kwamba halivutiki. Na alalamike.

Mboga na wanga wa pembeni

Karoti, mabiringani na figili huhimili siku nzima. Mchicha, sukuma na matembele huingia dakika 15 za mwisho. Kisamvu ni kesi ya peke yake: kitwangwe, kichemshwe kwanza kwenye sufuria iliyo wazi ili sumu yake itoke na mvuke. Kifuniko cha chungu cha polepole huizuia humo humo, kwa hivyo kisiingie kibichi.

Wali: chagua mchele wa punje ndefu unaotawanyika, au uliochemshwa kabla ya kukobolewa, na uepushe ule unaogandana. Pika kwa sufuria ya kawaida, epua ukiwa na uhai kidogo katikati. Kipimo cha mtu mzima mwenye kisukari ni kama gramu 150 za wali ulioiva, sawa na kikombe kisichojazwa sana; hapo pana wanga wa gramu 40 na kitu. Wali uliolala kwenye friji na kupashwa kesho yake hupandisha sukari kidogo kuliko wa leo, kwa kuwa sehemu ya wanga hukaza. Lakini uingie kwenye friji ndani ya saa moja, ukitandazwa kwenye trei. Wali ulioachwa mezani usiku hufuga vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi ukiupasha.

Ndizi mbichi zinaweza kuingia chunguni, nzima, saa moja na nusu ya mwisho. Viazi mbatata viacheni huko huko gengeni siku ya chungu.

Ramadhani

Magharibi ya Mombasa haisogei sana mwaka mzima, kwa hivyo mahesabu ni mepesi. Washa saa tatu asubuhi kwa moto mdogo, na saa kumi na moja jioni mchuzi uko tayari kwa tui au ukwaju wa mwisho. Ya daku washa saa mbili usiku. Saa kumi alfajiri chakula kimeiva. Mbaazi au maharagwe ya daku hukaa tumboni muda mrefu kuliko chai na mkate wa boflo. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe mlo wala kufunga bila kuzungumza na daktari wake kwanza, kwani akipunguza wanga huku dozi ni ile ile, sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

Kilichobaki

Usikiache ndani ya bakuli la udongo. Hushika joto na chakula huchacha hadi asubuhi. Gawa kwenye vyombo vya kina kifupi, friji ndani ya saa moja, kiliwe ndani ya siku tatu. Bakuli la moto lisitiwe maji baridi, litapasuka. Na chakula cha friji kisipashwe kwa chungu cha polepole, maana kitachukua masaa kupata moto. Tia kwenye sufuria, chemsha mpaka kitokote, ndipo ukihamishie chunguni kama unataka kibaki cha moto mezani.

Kujua kama pishi linakufaa, jipime kabla ya kula, na tena masaa mawili tangu tonge la kwanza. Wengi wenye kisukari huwekewa lengo la kutozidi 10 kwenye mashine inayosoma mmol/L. Lako aliseme daktari. Ikivuka, pishi lile lile lipikwe tena wiki nyingine na wali upunguzwe nusu, bila kubadilisha kitu kingine, ndipo utajua ni wali au ni mchuzi.